UZI: Mzee wa makao ya wazee akiulizwa anapendelea nini, je, anatujibu yaliyo moyoni mwake?

#1 Mwangalizi wa Minnesota

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninahudumia wazee katika makao ya wazee hapa Minnesota, na kuna jambo tunalobishana kila mara kazini bila kuafikiana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 kuhusu makao haya ilitaka kila mkazi ahudumiwe kwa namna inayolinda utu wake na uchaguzi wake, na tangu Oktoba 2010 fomu ya tathmini iitwayo MDS 3.0 inataka mzee aulizwe yeye mwenyewe kuhusu mambo ya kila siku, kama vile saa ya kulala, nguo za kuvaa, namna ya kuoga na shughuli anazozijali. Ni jambo jema. Tatizo ni kwamba mzee ninayemsoma kwenye fomu mara nyingi si yule ninayemwona zamuni. Mama mmoja alijibu kwamba kushiriki mambo pamoja na kundi la watu si muhimu kwake hata kidogo, lakini kila alasiri hukisukuma kiti chake cha magurudumu hadi sebuleni, na hukasirika akikosa nafasi. Mzee mwingine alisema muziki ni muhimu sana, lakini redio ikiwashwa anaomba izimwe.

Dai langu ni hili: wazee wengi hujibu kile wanachodhani muulizaji anataka kukisikia. Ninyi mnaofanya kazi hii, au mlio na wazazi katika makao, mnaonaje?

#2 Nesi Mstaafu, Tanga

Salaam. Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote ya utumishi, na dai lako si geni kwangu. Daktari akipita asubuhi na msafara wake, mgonjwa husema hajambo. Msafara ukiondoka, humwita mhudumu anayepiga deki na kumweleza kwamba hakulala usiku kucha kwa maumivu. Mtu humpima anayemuuliza kabla ya kujibu. Hata hivyo, kabla hatujawahukumu wazee, ningependa kujua swali lenyewe limeulizwaje na nani ameuliza, kwa sababu majibu ya ajabu mara nyingi huzaliwa na maswali ya ajabu.

#3 Karani wa Tathmini, Ohio

Shikamoo, Mama Nesi. Kazi yangu ni kujaza fomu hizi, kwa hiyo nitaeleza zilivyo.

Sehemu inayozungumziwa ni Sehemu F. Ina maswali 16. Manane yanahusu maisha ya kila siku: kuchagua nguo, kutunza vitu vyako, kuchagua namna ya kuoga, kula kitu kidogo kati ya mlo na mlo, kuchagua saa ya kulala, kuwahusisha ndugu au rafiki wa karibu katika mazungumzo kuhusu huduma yako, kuzungumza kwa simu faraghani, na kuwa na mahali pa kufungia vitu vyako. Manane mengine yanahusu shughuli: vitabu na magazeti, muziki unaoupenda, kuwa karibu na wanyama, kufuatilia habari, kufanya mambo na kundi la watu, kufanya shughuli uzipendazo zaidi, kutoka nje kupata hewa safi hali ya hewa ikiwa nzuri, na kushiriki ibada.

Tafadhali angalieni jambo moja. Fomu haiulizi kama mzee anapenda kitu fulani, bali inauliza kitu hicho kina umuhimu gani kwake akiwa hapo makaoni. Mama wa Mwangalizi anaweza kufurahia kukaa sebuleni na bado akaona kwamba si jambo la kulipigania. Kuhusu mzee wa redio, fomu inataja muziki anaoupenda yeye, wala haitaji redio ya ukumbi ambayo mara nyingi hupigwa nyimbo wanazozipenda wahudumu. Majibu yote mawili yanaweza kuwa ya kweli kabisa.

#4 Mwana wa Kisumu, Lowell

Asante, Karani, lakini umeliacha jibu ambalo mimi naliona zito kuliko yote. Mbali na ngazi nne, kuanzia muhimu sana hadi si muhimu hata kidogo, kuna jibu la tano: kwamba jambo hilo ni muhimu, ila mzee hawezi kulifanya au hana nafasi ya kulichagua. Katika makao niliyowahi kufanya kazi, mzee mmoja aliyekuwa fundi seremala alilitoa jibu hilo kuhusu kutoka nje. Mlango wa bustani ulikuwa na namba za siri, na hakuna mhudumu aliyekuwa na nafasi ya kumsindikiza. Alipoulizwa tena baadaye, alijibu kwamba kutoka nje si muhimu sana.

Mwangalizi atasema alimjibu muulizaji alichotaka kukisikia. Mimi naona alijifunza kutokutaka. Mtu akinyimwa kitu kwa muda mrefu hushusha hamu yake ili asiumie, na fomu ikija tena inaikuta hamu imeshashuka na kuiandika kama chaguo lake.

#5 Mjukuu wa Ng'ambo, Unguja

Assalaam alaykum. Naomba niongeze sababu nyingine, nayo ni malezi. Nimewahi kujitolea kusaidia wazee wa Sebleni, na nina jamaa waliowahi kuhudumu Welezo; yote mawili ni makao ya wazee hapa kwetu Unguja. Ukimuuliza mzee wetu angependa kula nini, atakwambia chochote mtakachojaaliwa. Hakuogopi wala hakudanganyi. Amelelewa kuona kwamba mgeni hachagui, na anayepewa hushukuru, na wengi wao wanajihesabu wageni katika makao yale hata wakikaa miaka. Ukitaka kujua anachokipenda, mletee samaki wa kupaka siku moja na maharage siku nyingine, kisha utazame sahani inarudije.

Jambo jingine ni fedha. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inawalipa wazee wenye umri wa miaka 70 na kuendelea pensheni jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mzee mwenye kitu mkononi anaweza kumtuma kijana amnunulie tumbaku au kashata, na anachomtuma ndicho anachokipendelea kwa hakika. Hapo hauhitaji fomu.

#6 Zamu ya Usiku, Dallas

Nimesoma wote kwa makini, na naona tunazungumza kana kwamba shida iko kinywani mwa mzee. Hebu tuje kwenye korido saa tano ya usiku. Fomu inasema kuchagua saa ya kulala ni muhimu sana kwa Bibi fulani, naye angependa kulala akimaliza kutazama taarifa ya habari ya usiku. Mhudumu wa zamu ya jioni ana wazee wengi wa kuwalaza kabla hajaondoka, kwa hiyo bibi huyo analazwa mapema pamoja na wenzake, kwa sababu kumnyanyua kwa mashine kunahitaji watu wawili na mtu wa pili anapatikana saa hiyo tu. Bibi anajua hayo. Ndiyo maana akiulizwa anasema, "Mniweke tu mtakapoweza." Anamwonea huruma binti anayemhudumia.

Aprili 2024 serikali ya shirikisho ilitoa kanuni iliyotaka kila mkazi apate angalau saa 3.48 za huduma ya wauguzi na wasaidizi wao kwa siku, na Aprili 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho hapa Texas akaibatilisha. Mradi idadi ya wahudumu haibadiliki, mtauliza vizuri na kuandika vizuri, na bibi atalazwa saa ileile.

#7 Msomaji wa Takwimu, Dar es Salaam

Ndugu Zamu ya Usiku, nakubaliana nawe kwa sehemu, ila uchaguzi mdogo unaweza kuwa na uzito hata pale ambapo wahudumu hawajaongezwa. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti wao wa makao ya Arden House, Connecticut. Wazee waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza liliambiwa kwamba wao wenyewe ndio wenye wajibu wa kuamua mambo yao, wakachagua usiku wa kutazama filamu, na kila mmoja akapewa mche wa kuutunza mwenyewe. Kundi la pili lilipewa miche pia, lakini likaambiwa kwamba wauguzi wataitunza. Miezi 18 baadaye, waliofariki katika kundi la kwanza walikuwa 7 kati ya 47, na katika kundi la pili 13 kati ya 44. Mche hauhitaji mhudumu wa ziada.

#8 Mwalimu wa Saikolojia, Nairobi

Naomba kumsahihisha Msomaji kwa heshima, maana utafiti huo husimuliwa mara nyingi kuliko unavyosomwa. Kilichopigiwa kura ni ghorofa mbili, wala si mzee mmoja mmoja, kwa hiyo tofauti yoyote kati ya ghorofa hizo, hata ya tabia za wauguzi wake, inaweza kuwa imechangia. Pia watafiti wenyewe walichapisha marekebisho mwaka 1978 yaliyoonyesha kwamba ushahidi wa tofauti ya vifo ulikuwa dhaifu kuliko ilivyoandikwa awali.

Kuna utafiti wa upande wa pili ambao hautajwi sana. Richard Schulz, naye mwaka 1976, aliwapangia wazee ziara za wanafunzi wa chuo kikuu. Wazee waliopanga wenyewe siku na muda wa ziara, na wale waliojulishwa mapema, walichangamka kuliko wenzao. Ziara zilipokoma, wazee hao hao ndio walioporomoka, kama alivyoeleza yeye na Barbara Hanusa mwaka 1978. Kwa hiyo kumpa mzee uchaguzi na kisha kumnyang'anya kunaweza kuwa kubaya kuliko kutompa kabisa. Hapo naona hoja ya Mwana wa Kisumu kuhusu seremala na ule mlango inapata nguvu.

#9 Msomaji wa Takwimu, Dar es Salaam

Nashukuru, Mwalimu. Suala la ghorofa ni la haki. Lakini ninyi watu wa Nairobi mkimaliza kusahihisha mtuachie na sisi kitu cha kutumaini! Naona bado inafaa mzee apewe mche.

#10 Mwana Uvira, Kentucky

Hamjambo wote. Mmesahau wazee wetu waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wakazeekea huku. Fomu hiyo hiyo, katika sehemu yake ya kwanza, inauliza mkazi anapendelea lugha gani na kama anahitaji mkalimani. Kwa mama yangu mkubwa, jibu liliandikwa kwamba anahitaji. Siku ya mahojiano mkalimani hakuwepo, akaombwa mwanawe wa kiume atafsiri.

Fikirini mama wa Kibembe anaulizwa mbele ya mwanawe wa kiume angependa kuogeshwa vipi. Alisema vyote ni sawa. Ikaandikwa kwamba si jambo muhimu kwake. Kumbe alikuwa hataki kabisa kuogeshwa na mwanamume, na alilisema hilo siku nilipokaa naye peke yangu tukimenya machungwa, mimi ambaye ni binti wa mdogo wake. Si kwamba alitaka kumridhisha muulizaji, wala hamu yake haikuwa imeshuka. Mtu aliyekaa katikati ndiye aliyelifunga jibu.

#11 Bi Likoni

Pole, dada. Na hapo umegusa jambo ambalo Karani hajalitaja: katika yale maswali 16 hakuna linalouliza kama mkazi anataka kuhudumiwa na mwanamke au mwanamume. Kwa mama wa Kiislamu, awe Msomali wa Minneapolis au Mswahili wa kwetu, hilo huja kabla ya vitabu na magazeti. Vilevile swali la ibada linazungumzia kushiriki, na muulizaji hufikiria ukumbi wenye kasisi. Nani atauliza kuhusu maji ya udhu kitandani, au kuhusu upande ambao kitanda kimeelekezwa?

Na hilo la kuwa karibu na wanyama, mniwie radhi, mkimletea nyanya yangu mbwa chumbani mtajua jibu lake bila kumuuliza.

#12 Mwalimu wa Saikolojia, Nairobi

Bi Likoni, hao mbwa wana historia yao. Mwaka 1991 daktari Bill Thomas aliingiza mbwa, paka na ndege wengi, pamoja na mimea, katika makao ya Chase Memorial katika mji wa New Berlin, jimbo la New York, kwa sababu aliona wakazi wanadhoofika kwa upweke, kwa kuchoshwa na siku zisizo na jambo jipya, na kwa kukosa mtu ambaye wao wenyewe wangemsaidia. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Fomu inauliza mzee anataka kupata nini. Haiulizi anataka kumtendea nani nini. Nyanya yako pengine asingemtaka mbwa, lakini angekubali kuku wawili wa kuwatunza uani.

#13 Bi Likoni

Kuku angewakubali, na wahudumu wote angewapangia zamu ya kuwalisha!

#14 Nesi Mstaafu, Tanga

Marahaba, Karani, nilichelewa kukujibu. Nina swali kwako. Hawa wote mliowataja wana akili timamu. Mzee aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau mnamfanyaje? Kwetu watu hukimbilia kumuuliza mtoto wake.

#15 Karani wa Tathmini, Ohio

Mama, utaratibu unataka tujaribu kumhoji kila mkazi isipokuwa yule ambaye haeleweki kabisa au ni nadra kueleweka. Akishindwa, tunamuuliza ndugu au mtu wake wa karibu, na hilo likishindikana, wahudumu wanajaza orodha kwa kumwangalia. Kipimo cha kumbukumbu kinachotumika katika fomu hiyohiyo kina alama 0 hadi 15, na wapo wenye alama za chini kabisa wanaonijibu wazi kuhusu namna ya kuoga. Lynn Feinberg na Carol Whitlatch walichapisha mwaka 2001 utafiti ulioonyesha kwamba watu wenye upungufu wa akili wa kiwango kidogo hadi cha kati waliweza kueleza wanachopendelea, na walitoa majibu yaleyale walipoulizwa tena.

Kumkimbilia mtoto kuna hasara yake. Mtoto hunijibu kuhusu mzazi aliyemjua zamani. Binti mmoja aliniambia kwamba baba yake hawezi kuishi bila gazeti, na alisema kweli kuhusu baba wa enzi zile. Mzee mwenyewe sasa hulishika gazeti kwa adabu na kuliweka chini. Anachokitaka ni kukaa jikoni akisikia vyombo.

Kwa Bi Likoni na Mwana Uvira: kasoro mliyoitaja ni ya kweli. Kuna dodoso pana zaidi liitwalo PELI, lililokuzwa na Kimberly Van Haitsma na wenzake huko Pennsylvania, ambalo toleo lake la makao ya wazee lina maswali 72, na jimbo hili la Ohio liliyataka makao yalitumie kuanzia mwaka 2015. Uzuri wake ni kwamba, baada ya kujua jambo ni muhimu, linaendelea kuuliza mzee analitaka kwa namna gani.

#16 Zamu ya Usiku, Dallas

Maswali 72, na watu walewale wawili koridoni.

#17 Mwangalizi wa Minnesota

Nashukuru kwa michango yenu. Nilirudi kwa yule mama wa sebuleni nikamuuliza kwa utulivu kinachompeleka pale. Alisema kwamba kutoka pale anaiona njia ya kuingilia magari, na mwanawe huegesha upande huo anapomtembelea. Kwa hiyo Karani ana haki kwake: kundi si muhimu kwa mama yule hata kidogo.

Hata hivyo dai langu sijaliondoa. Nina mzee ambaye kwangu husema chakula ni kizuri, kwa mratibu wa shughuli husema bingo ni nzuri, na kwa kasisi husema ibada ni nzuri. Kwa mzee mwenzake wa chumbani husema vyote vitatu vinamchosha. Huyo hajashusha hamu yake na wala hana mkalimani. Anajua anazungumza na nani.

#18 Mjukuu wa Ng'ambo, Unguja

Basi mzee mwenzake ndiye angepewa fomu aulize. Nasema kwa dhati. Sebleni habari za wazee tulizipata kwa wazee.

#19 Mwana wa Kisumu, Lowell

Mimi ningeogopa siri za watu kuzagaa chumba kwa chumba, ila nakubali kwamba mzee humwamini anayelala naye chumba kimoja kuliko mtu mwenye kalamu. Karani, nijibu jambo moja: Sehemu F hujazwa mara ngapi? Maana seremala wangu alibadilika ndani ya miezi michache.

#20 Karani wa Tathmini, Ohio

Hujazwa katika tathmini kamili: mzee anapoingia, ambayo lazima ikamilike kufikia siku ya 14, kisha mara moja kwa mwaka, na pale hali yake inapobadilika sana. Tathmini fupi za kila miezi mitatu hazina maswali hayo. Kwa hiyo tunamuuliza kwa mara ya kwanza wakati ambao bado hajui hata choo kiko upande gani, na pengine hatumuulizi tena hadi mwaka upite. Mimi huongeza maswali machache mwenyewe tukikaa kuupitia mpango wake wa huduma, lakini hakuna sanduku la kuyajaza majibu hayo, na mhudumu wa muda wa mwisho wa wiki, anayeletwa na wakala wa kazi, hayaoni.

#21 Mwana Uvira, Kentucky

Kwa mama mkubwa tuliandika karatasi kwa mkono, kwa Kiingereza na Kiswahili, tukaibandika ndani ya mlango wa kabati lake la nguo ili isisomwe na kila mgeni: aogeshwe na mwanamke, chai iwe na tangawizi, asiitwe kwa jina lake la kwanza. Wahudumu wa wakala hulifungua kabati kila asubuhi wakitafuta nguo, na wengi wao wanaifuata.

#22 Zamu ya Usiku, Dallas

Kwetu karatasi za namna hiyo ziliondolewa, tukaambiwa kwamba zinaanika habari za mkazi. Ndani ya kabati sikupata kufikiria. Nitamuuliza msimamizi wangu kama linaruhusiwa mkazi mwenyewe akiridhia.